Historia ya amri kwenye seva yetu ya pamoja: maswali tunayoulizwa kila mara

Seva yetu ni moja. Imekaa kwenye chumba cha juu hapa Langoni, Lamu, na joto la chumba hicho utalijua ukifika ngazi ya tatu. Watumiaji ni wengi. Wapo wanaotengeneza tovuti za nyumba za wageni za Shela, wapo walimu, wapo vijana wanaoijua Linux kwa mara ya kwanza, na wapo wenyeji waliohamia Mombasa wasiotaka kuiacha akaunti yao. Kila mmoja, ajue asijue, anaacha nyuma yake orodha ya amri alizoandika. Maswali juu ya orodha hiyo yanakuja kila wiki, mengine kwa upole, mengine kwa hasira, na moja lilikuja kwa kilio. Nimeyakusanya hapa ili niache kuyajibu ngazini.

Majibu haya ni ya Debian, aina mojawapo ya Linux, na sheli ya Bash, maana ndivyo ilivyo seva yetu.

Nikibonyeza kishale cha juu, amri zangu za jana zinarudi. Zinakaa wapi?

Zinakaa kwenye faili liitwalo `.bash_history`, ndani ya folda yako ya nyumbani. Jina linaanza na nukta, ndiyo maana `ls` tupu hailionyeshi. Andika `ls -la` utaliona. Anayeliandika ni sheli, ile programu inayopokea amri zako na kuzitekeleza. (Si sheli ya kutia mafuta, wala si Shela ya mchanga mweupe. Kila darasa jipya hakosi mmoja wa kufanya mzaha huo, basi nimeumaliza mimi.)

Ukiwa kazini, amri zako zinakaa kwanza kwenye memori ya sheli. Kwenye faili zinaandikwa pale unapotoka. Nusu ya malalamiko ya ukurasa huu yamezaliwa hapo.

Tazama pia ruhusa za faili. Mwanzo wa mstari unatakiwa uwe `-rw-------`, yaani wewe peke yako unasoma na kuandika. Ukiona herufi `r` nyingine mbele, andika `chmod 600 ~/.bash_history` kisha uendelee na kazi.

Ninyi wasimamizi mnazisoma historia zetu?

Tunaweza, lakini hatuzisomi.

Kuweza ni kweli. Akaunti ya `root` inafungua faili lolote kwenye mashine, na `-rw-------` yako haiizuii. Msimamizi akikwambia hawezi kuona, ama anakudanganya ama kazi hajaijua.

Kutosoma ni kanuni tuliyojiwekea. Historia ya mtu haifunguliwi ila mwenyewe akiomba msaada, au pakiwa na madhara yanayoendelea kwenye mashine na njia nyingine zimeshindwa kuonyesha chanzo. Ikifika huko, tunakaa wawili, tunaandika siku na sababu kwenye daftari la karatasi lililo mezani, na mwenye akaunti anaambiwa siku hiyo hiyo.

Wengine wanaona tunazidisha. Lakini orodha ya amri inamwanika mtu kuliko barua zake. Inaonyesha anaamka saa ngapi, mafaili yake yanaitwaje, anaingia kwenye mashine za nani, na jambo gani alilijaribu mara saba likamshinda. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kuambiwa taarifa zake zinatumika kwa kazi gani. Na hata sheria hizo zisingekuwepo, mji wetu ni mdogo. Jambo la mtu likisomwa saa nne asubuhi, saa sita liko barazani Mkunguni.

Stima ilipotea saa tano, na kazi ya asubuhi nzima haimo kwenye historia. Mmeifuta?

Hatukuifuta. Haikuwahi kuandikwa.

Hapa kuna mambo mawili watu wanayachanganya. Stima ikikatika kwako, au bando likiisha, seva yenyewe inabaki hai. Baada ya muda inatambua umekatika, inaipa sheli yako ishara ya kufunga, na sheli inaandika historia yako kabla ya kuondoka. Ukirudi, utaikuta. Lakini stima ikikatika Langoni na betri zetu nazo zikaisha, sheli inakufa bila kuaga, na vyote vilivyokuwa kwenye memori vinakwenda nayo. Hali ni hiyo hiyo mtu akiua sheli kwa `kill -9`.

Dawa ni mstari mmoja. Fungua `~/.bashrc`, faili la mipangilio ya Bash lililo kwenye folda yako ya nyumbani, nenda chini kabisa, ongeza:

`PROMPT_COMMAND="history -a"`

Toka, ingia tena. Kuanzia hapo, kila amri ikimalizika na sheli ikirudi kukungoja, amri mpya zinaongezwa kwenye faili papo hapo. Stima ikikatika sasa, utapoteza ile amri moja iliyokuwa inaendelea.

Ila historia inakukumbusha ulichoandika, kazi yenyewe haiirudishi. Kama una kazi ndefu na mtandao wako ni wa kusitasita, ingia kwanza kwenye `tmux`. Ukikatika, kazi inaendelea kwenye seva, nawe unarudi na `tmux attach`. Watu wa Matondoni wananielewa.

Nafungua terminali mbili. Mbona amri za hii hazionekani kwenye ile?

Kwa sababu kila terminali ina sheli yake, na kila sheli ina memori yake. Zinakutana kwenye faili tu, tena wakati wa kutoka. Hatari ni kwamba ya mwisho kutoka inaweza kuandika faili upya juu ya yale ya mwenzake. Linalozuia hilo ni `shopt -s histappend`, na Debian imeshauweka mstari huo kwenye `.bashrc` ya kila akaunti mpya. Waliohamisha `.bashrc` zao za zamani kutoka kwingine ndio wanaoukosa. Hakikisha.

Ukitaka terminali moja ione ya mwenzake sasa hivi, andika `history -a` kwenye ile (kama hujaweka ule mstari wa `PROMPT_COMMAND`), kisha `history -n` kwenye hii. Wapo wanaoiweka hiyo `history -n` kwenye `PROMPT_COMMAND` ili terminali zote zichangie kila kitu. Mimi siipendi. Unabonyeza kishale cha juu ukitegemea amri uliyoandika sasa hivi, inakuja amri ya dirisha jingine, kidole kinawahi Enter, na kazi imeharibika.

Nimeandika nenosiri langu kwenye mstari wa amri. Nifanyeje?

Badilisha nenosiri. Sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma.

Umebadilisha? Haya. Kosa hili linampata kila mtu, na mimi mwenyewe limenipata. Huwa hivi: unaandika `sudo`, inayoendesha amri kwa uwezo wa `root`, na amri yako, vidole vimeshazoea kwamba nenosiri litafuata, basi vinaliandika bila kungoja. Kumbe uliingiza nenosiri dakika tatu zilizopita na `sudo` bado inakukumbuka, haikuuliza kitu. Nenosiri linatua kwenye mstari wa amri kama amri, na sheli inakujibu kwa ustaarabu kabisa kwamba haiijui amri ya jina hilo. Nenosiri limeandikwa wazi kwenye skrini, na nyuma yako kijana kasimama na chai.

Kulisafisha, fuata mpangilio huu. Funga terminali zote ulizofungua, kisha fungua moja mpya, ili memori na faili vilingane. Andika `history | tail -30` uone namba ya mstari wenye nenosiri. Tuseme ni 412. Andika `history -d 412`, halafu `history -w` ili faili liandikwe upya bila mstari huo.

Usilitafute kwa `grep`. Ukiandika `grep` na nenosiri mbele yake, umeliandika kwenye historia mara ya pili. Nimeliona hilo likifanyika, tena na mtu mjuzi.

Ukishamaliza, bado haliko mbali. Nakala rudufu ya seva inachukuliwa kila usiku, na kama mstari ulilala kwenye faili, nakala inao. Na kama nenosiri lilikuwa sehemu ya amri halali, kwa mfano limebandikwa baada ya `-p` ya `mysql`, programu ya hifadhidata, wakati ule amri inaanza mtumiaji mwingine angeweza kuliona kwenye orodha ya `ps`, inayoonyesha programu zinazoendelea. Ndiyo maana kubadilisha kunakuja kwanza, na kufuta ni usafi tu.

Kwa siku za mbele: `mysql -p` bila kitu mbele yake itakuuliza nenosiri, na unachoandika hapo hakiingii kwenye historia. Kwenye skripti zako tumia `read -s`, ambayo inasoma bila kuonyesha. Na ukiacha nafasi moja kabla ya amri, Bash haitaiweka kwenye historia, ilimradi `HISTCONTROL` ina `ignorespace` au `ignoreboth`. Debian imeweka `ignoreboth`. Ile nafasi moja ni ndogo sana na ni rahisi kuisahau, kwa hiyo usiifanye tegemeo lako.

Nawezaje kujua amri niliiandika saa ngapi?

Weka hii kwenye `.bashrc`:

`export HISTTIMEFORMAT="%F %T "`

Usiisahau ile nafasi kabla ya alama ya kufunga, la sivyo saa na amri vitashikana. Ukishaingia upya, `history` itaonyesha tarehe na saa mbele ya kila amri.

Amri za zamani, zilizoandikwa kabla hujaweka mstari huo, hazina saa. Bash haisemi haijui. Inazibandika zote saa moja, ile ya kuingia kwako leo. Mtu akiona amri mia tano zimefanyika kwa sekunde moja asishtuke.

Ukifungua faili lenyewe, utakuta kabla ya kila amri mstari kama `#1700000000`. Hizo ni sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, saa za dunia (UTC). Ukiandika `date -d @1700000000` kwenye mashine iliyowekwa saa za Nairobi, utapata tarehe 15 Novemba 2023, saa 01:13 na sekunde 20.

Sasa, hiyo 01:13 ni saa ngapi? Kwetu ni saa saba na dakika kumi na tatu usiku. Nacheka, lakini jambo hili limenipotezea mchana mzima. Mtumiaji mmoja aliniambia tovuti yake ilivunjika "saa mbili, saa mbili na nusu hivi." Nikaenda kwenye kumbukumbu za mfumo nikatafuta 02:00 mpaka 03:00. Kimya. Nikamrudia, akaapa ni saa mbili. Nikatafuta tena. Mwisho nikagundua mimi, niliyezaliwa hapa, mashine imeshanifundisha vibaya: alisema saa mbili usiku kama tunavyosema sote, nayo ni 20:00. Ilikuwepo pale pale, 20:17.

Na siku nazo ni hivyo hivyo. Mashine inageuza tarehe katikati ya usiku. Mzee anayehesabu siku kuanzia Magharibi akikwambia "usiku wa Ijumaa," anasema usiku wa kuamkia Ijumaa, na kwa mashine hiyo bado ni Alhamisi mpaka saa sita. Kwa hiyo ukituletea malalamiko, tuandikie saa kama inavyoonekana kwenye skrini, au sema asubuhi, mchana, jioni, usiku. Mengine tutahesabu wenyewe.

Faili limefutwa kwenye folda ya pamoja. Si mtazame tu kwenye historia aliyefuta?

Hili ndilo lililokuja kwa kilio.

Bi mmoja anayepiga picha za harusi alikuwa ameweka picha zake kwenye folda ya pamoja, ndani ya folda ndogo iitwayo `picha`. Zilikuwa za kupamba bibi harusi, upande wa wanawake, picha zisizotoka nje. Asubuhi moja akafungua, hamna kitu. Akapanda ngazi machozi yanamtoka, na nusu ya machozi yale ilikuwa hofu ya kwamba kuna mtu amezichukua.

Kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, akasema yeye hana la kuficha, akafungua historia yake mbele yetu. Mstari wa nne kutoka chini: `rm -r picha`, yaani futa `picha` na vyote vilivyomo.

Chumba kilinyamaza. "Mwanangu," Bi akasema, na hakuongeza neno. Kijana akawa anarudia, "Wallahi si zako, Mama, ni zangu, za nyumbani."

Alikuwa akisema kweli, na historia haikuweza kumsaidia. Historia inaandika ulichoandika, haiandiki ulikuwa folda gani ulipokiandika. `rm -r picha` ya nyumbani kwako na `rm -r picha` ya folda ya pamoja zinafanana herufi kwa herufi. Mistari miwili juu yake ilikuwepo `cd` tupu, inayorudisha mtu nyumbani, lakini kijana alikuwa na terminali mbili, na tumeshaona amri za terminali mbili zinavyoingiliana kwenye faili moja. Mpangilio wa mistari hauwezi kuapiwa.

Kilichomwokoa ni kitu ambacho sote tulikuwa tumekiona na hatukukitazama. Folda ya Bi ilikuwa bado ipo, tupu. `rm -r picha` ingeiondoa na folda yenyewe. Aliyezitoa picha alifuta mafaili tu akaiacha folda imesimama.

Nikaenda kwenye `lastcomm`, ambayo inaorodhesha programu zilizomalizika na akaunti zilizoziendesha. Saa 03:00, yaani saa tisa usiku, kulikuwa na `find`, programu ya kutafuta mafaili, na hata kuyafuta. Aliyeiendesha ni `root`. Kwa maneno mengine, mimi. Nilikuwa nimeandika skripti ya kusafisha mafaili yaliyozidi siku 90 kwenye folda ya pamoja, na picha za Bi zilikuwa zimehamishwa kwa namna inayotunza tarehe ya kamera. Alizileta wiki ile, lakini tarehe zake zilikuwa za miezi mingi nyuma. Skripti ikaziona kuukuu, ikazizoa.

Picha zilirudi kutoka kwenye nakala rudufu. Kijana nilimwomba radhi mbele ya wote waliokuwa wamemtazama, na skripti ile sasa inaandika orodha na kuningoja, haifuti kitu peke yake.

Kwa hiyo jibu la swali ni hapana. Historia ni kama daftari la deni lililoandikwa na mdeni mwenyewe. Linamkumbusha yeye, lakini muuza duka hawezi kwenda nalo kwa kadhi. Mtu anaweza kuchana ukurasa (`history -c`), anaweza kuandika uongo, kwa sababu ni faili la kawaida linalofunguka kwa `nano`, na anaweza kulifunga daftari lenyewe kwa `unset HISTFILE` kabla ya kuanza kazi. Amri anazozitoa kutoka ndani ya `vim`, programu ya kuhariri maandishi, hazimo, na zilizo ndani ya skripti hazimo. Asiyekuwa na hatia anaonekana nayo, na mwenye hatia anaonekana hanayo.

Basi ni kipi kinachoweza kutegemewa?

Vitu ambavyo mtumiaji wa kawaida haviandiki yeye. Tunavyo vitatu.

Cha kwanza ni kumbukumbu za `sudo`. Kila inapotumika inaandika akaunti, folda na amri nzima. Tunazisoma kwa `journalctl _COMM=sudo`.

Cha pili ni ile `lastcomm`, inayotoka kwenye kifurushi cha `acct`. Inaonyesha jina la programu, akaunti na saa. Vilivyoandikwa baada ya jina la programu haivioni, kwa hiyo utajua mtu aliendesha `rm`, hutajua alifuta nini. Kwa chumba chetu inatosha, na kwa faragha ninaiona ni kipimo kizuri.

Cha tatu ni `auditd`, na hicho ni kizito. Kinapata habari kutoka kwenye kiini cha mfumo na kinaweza kuandika kila programu inayoanzishwa, pamoja na maneno yote yanayoifuata. Kanuni yake inaonekana hivi:

`-a always,exit -F arch=b64 -S execve -F auid>=1000 -F auid!=unset -k amri`

Halafu unatafuta kwa `ausearch -k amri`. Uzuri wake ni ile `auid`. Ni namba ya akaunti uliyoingilia asubuhi, na haibadiliki hata ukijigeuza `root` kwa `sudo` au `su`. Udhaifu wake ni kwamba amri zilizo ndani ya sheli yenyewe, kama `cd`, hazianzishi programu, basi haizioni. Na inaandika kila kitu, pamoja na lile nenosiri ulilobandika kwenye `mysql`.

Tunaiwasha panapotokea tatizo, kwa siku chache. Ikiwa imewashwa, utaona tangazo kwenye skrini mara tu unapoingia. Hatujawahi kuiwasha kimyakimya.

Kwa nini msizifunge historia ili mtu asiweze kuzifuta?

Tulijaribu. `readonly HISTFILE` kwenye mipangilio ya wote, na `chattr +a` kwenye kila faili ili liweze kuongezwa tu lisipunguzwe. Siku ya pili kijana wa darasa la wanaoanza akaandika `dash`, sheli nyingine isiyoweka historia kabisa, akaendelea na mambo yake. Hakuwa anajificha, alikuwa anafuata zoezi la kitabuni. Juu ya hayo, walioandika nenosiri kwa bahati mbaya wakashindwa kulifuta bila kutuita. Tukaiondoa.

Sisi wa ofisini tuko watano. Mbona msitupe akaunti moja tukashirikiana?

Hatutoi, samahani. Historia inakuwa pilau iliyomwagikiana na biriani. Mwenzako ameandika amri ya kuzima huduma jana, wewe leo umebonyeza kishale cha juu na Enter ukidhani ni yako, na tovuti imelala. Isitoshe nenosiri lijulikanalo na watano ni la mtaa.

Mnachotaka kwa kweli ni mafaili ya pamoja. Kwa hilo tunawaundia kundi, kila mtu anabaki na akaunti yake, na folda inakuwa ya kundi. Njooni nalo hilo.

Nikitumia `sudo -i`, amri zangu zinakwenda wapi?

Kwenye historia ya `root`, zikichanganyika na zetu sote wenye ruhusa hiyo. Kumbukumbu ya `sudo` itaonyesha kwamba ulifungua sheli, haitaonyesha ulichofanya ndani. Ndiyo maana tunaomba uandike `sudo` mbele ya kila amri. Inachosha, najua.

Naweza kuweka historia isiyo na mwisho?

Unaweza. Kwenye `.bashrc` badilisha `HISTSIZE=-1` na `HISTFILESIZE=-1`, inakubali kuanzia Bash 4.3. Bash yenyewe ikija bila mipangilio inatunza amri 500, na Debian inakuwekea 1000 kwenye memori na 2000 kwenye faili. Ya kwangu haina mwisho, maana nasahau. Ukitaka kinyume, yaani isitunzwe hata moja, `HISTSIZE=0`, na hakuna atakayekuuliza.

Kishale cha juu kinanichosha. Hakuna njia ya haraka?

Bonyeza Ctrl na R, andika herufi chache za amri unayoikumbuka, itakuja. Ctrl na R tena, inakuja ya nyuma yake.

Wapenzi wa `!!` (rudia amri ya mwisho) na `!412` (rudia amri namba 412), ongezeni `shopt -s histverify` kwenye `.bashrc`. Badala ya kutekeleza papo hapo, Bash itakuonyesha kwanza amri iliyoirudisha, nawe unabonyeza Enter ukiridhika. Namba moja ukiikosea, huo mstari ndio utakaokuokoa.

Natumia Zsh. Na je, Python na hizo nyingine?

Zsh, ambayo nayo ni sheli, inaandika kwenye faili inaloambiwa na `HISTFILE`, kwa kawaida `~/.zsh_history`, na ukomo wake unaitwa `SAVEHIST`. Python ina `~/.python_history`, `mysql` ina `~/.mysql_history`, `psql` ina `~/.psql_history`. Yote yaliyosemwa juu ya nenosiri yanahusu na haya, na watu huyasahau.

Namaliza mafunzo mwezi ujao. Historia yangu mtaifanyaje?

Siku ya kuondoka tunakukalisha hapa ufungashe mwenyewe. Nakili unachotaka, na `.bash_history` yako ichukue, wengi huijutia baadaye wanapoikumbuka ile amri ndefu iliyofanya kazi mara moja tu. Kisha unaifuta mbele yetu, pamoja na yale mafaili mengine ya swali lililopita. Akaunti inafungwa siku hiyo. Folda yako tunaiacha siku 30, kwa kuwa daima yuko anayepiga simu kutoka kwenye boti ya Mokowe kusema amesahau kitu, halafu tunaifuta. Anayechukua kazi yako baada yako anapewa mafaili ya kazi na maelezo uliyoandika kwa ajili yake. Historia yako hapewi, hata akiomba vizuri.